Bei Isiyojadiliwa na Masufuria Kumi na Mawili

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Dai langu ni hili, nami nitalitetea hadi mwisho: bei isiyojadiliwa ndiyo uti wa mgongo wa biashara ndogo. Anayeshusha bei ameungama kwamba tangu mwanzo alikuwa mwongo. Miaka ishirini Mjomba anauza masufuria bila kulijua hili! Leo amesafiri kumwona mkwewe mgonjwa. Ameniachia ufunguo wa duka na sharti moja. Masufuria makubwa kumi na mawili ya rafu ya juu yauzwe kwa faida kabla hajarudi Jumamosi. Nikiweza, duka nitaliendesha mimi. Nikishindwa, ufunguo ni wa binamu yangu, ambaye hajafungua kitabu tangu amalize shule, nami nirudi chumbani kuandika barua za kuomba kazi. Nimekwisha kuandika sitini na tatu. Inatosha.
Nimebandika tangazo mlangoni: BEI NI MOJA. HOJA ZINAKARIBISHWA.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Wameingia wanane, wamesoma, wametoka. Mmoja aliuliza kama tuna msiba. Alasiri akaja Bi Taratibu, mwenye duka la masufuria la ng'ambo ya barabara, mama ambaye chuo kikuu amekiona kwenye kalenda tu. Akanishauri kwamba biashara ni ulimi. Mteja umpunguzie japo kidogo, aondoke akicheka, kesho atamleta shoga yake. Nikamjibu kwa hoja nne: mbili za uchumi, moja ya falsafa, moja ya mantiki. Akasikiliza zote! Kisha akashika tama, akasema, “Haya baba, umenishinda. Mimi nani mbele ya msomi?”
Uso ulimnywea. Nikaona haya. Nikamwuzia kifuniko kwa nusu ya bei ili kumfariji. Huku si kushusha bei. Hii ni rambirambi kwa aliyeshindwa. Tofauti ni kubwa, na mtu makini ataiona.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Ushindi! Duka limefurika, na kila mtu anataka mjadala. Mpishi wa shule alidai kwamba sufuria ni jembamba. Nilimwangusha kwa dakika tano, nikamfariji. Dereva wa lori alisalimu amri kabla sijafika hoja ya pili. Nilisikitika kidogo, kwani nilikuwa nimeandaa sita. Kufikia adhuhuri nimeshinda mara kumi na tisa, sijashindwa hata mara moja. Mzee mmoja alinyanyua mikono angali kizingitini: “Nimeshindwa, kijana. Nipe lile la rafu ya katikati.” Nikamkumbusha kwamba hajatoa hoja. Akasema hana haja, sifa zangu zimeenea mtaa mzima.
Zimeenea! Mjomba hajawahi kuenea hata hadi kwa kinyozi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Siku kuu ya maisha yangu. Alikuja binti mpole pamoja na mtu wa mkokoteni. Akadai, kwa sauti ya chini, kwamba masufuria makubwa huchelewa kuchemka. Nilinena nusu saa bila kumeza mate. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anafuta macho. Akakiri kwamba ameshindwa kuhusu sufuria la kwanza. La pili akabisha tena! Ukaidi wa ajabu. Nilimshinda kwa yote kumi na mawili, moja baada ya jingine, na kwa yote nikamfariji. Rafu tupu! Mkokoteni ukavuka barabara. Sikuangalia ulikoishia. Mshindi hatazami nyuma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Wivu hauna dawa. Bi Taratibu ametandaza nje masufuria makubwa kumi na mawili, aina ileile ya kwetu. Hata moja limebonyea ubavuni, palepale lilipobonyea letu! Anayauza kwa bei yetu ya zamani, na watu wanayachukua huku wakicheka naye. Nilivuka, nikamwambia waziwazi kwamba ameniiga. Akakiri papo hapo. “Kweli kabisa, Profesa, nimekuiga.” Kisha akaniuliza kwa adabu masufuria madogo nitayafanyia mjadala lini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Mjomba amerudi. Aliitazama rafu tupu, akatabasamu. Akafungua droo ya pesa, tabasamu likaisha. Akatazama ng'ambo, akaketi juu ya ndoo. Akauliza kama nimeuza chini ya bei aliyonunulia. Nikamfafanulia tofauti kati ya punguzo na rambirambi, kwa hoja saba. Nilipomaliza alivuta pumzi ndefu, akasema, “Mpwa wangu, umenishinda. Lete ufunguo.”
Ningefanyaje? Mtu mzima, amechoka na safari, ameangushwa kwa hoja saba mfululizo. Nilimpa. Naye akampa binamu, aliyeanza kazi kwa kubandua tangazo langu na kumwuliza mteja ana kiasi gani.
Hata hivyo, dai langu limesimama, kwani hakuna aliyelivunja. Basi nawataka Bi Taratibu, Mjomba, binamu na kila mwenye duka katika barabara hii wafike Jumatatu saa nne asubuhi mbele ya duka, wanijibu hadharani: ni nani kati yenu aliyewahi kunishinda, na kwa hoja ipi?