Malalamiko Kuhusu Mjane wa Mkanda wa Tatu

Awindiri, Arua
28 Agosti 1976

Kwako Baba Mdogo Candia,
Kampala

Baba Mdogo mheshimiwa,

YAH: KUWAFUNDISHA WATOTO KIHISPANIA NYUMBANI KWA TELEVISHENI NA SINEMA

Kuna sauti moja ambayo hainitoki. Ni mkia wa filamu unapochomoka kwenye mashine na kuzunguka na gurudumu lake, ukipiga chuma: tap, tap, tap. Mwanamke mwenye nguo nyeusi ameshika kitasa, amekivuta, mlango umeanza kufunguka. Halafu mwanga mtupu, halafu tap, tap, tap. Hapo ndipo mkanda wa tatu unapoishia, na mkanda wa nne haukuja. Nimeisikia sauti hiyo kila Jumamosi tangu Februari. Siku hizi naisikia hata ninapokoroga uji.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, ili yeyote atakayeifungua barua hii kabla yako aone kwamba jamaa zako wanaitii lugha ya taifa. Naandika kwa heshima yote, nikikumbuka kwamba wewe ndiye uliyenisomesha mpaka mwisho wa sekondari, na kwa hiyo hata malalamiko haya, kwa namna fulani, ni matunda yako.

Nianze na tunayokubaliana. Umeahidiwa kupelekwa ubalozini katika nchi inayosema Kihispania. Hujaambiwa ni nchi gani, wala lini, lakini umeona busara wanao, Enoch na Ayikoru, wawe tayari. Ulisoma gazetini kwamba watoto wa Ulaya hujifunza lugha ngeni sebuleni, kwa kutazama tu. Ukatuletea kanuni nne: watazame picha ileile mara nyingi, waigize wanachokiona, vitu vya nyumbani vibandikwe majina yake, na mtu yeyote asiwafasirie. Ni kanuni nzuri sana zikiwa Kampala. Malalamiko yangu ni ya mtu aliye Awindiri.

1. Televisheni ilifika Novemba, juu ya lori, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Tuliiwasha. Ilionyesha mchanga unaochemka, na ikatoa sauti ya mvua juu ya mabati. Uliandika kwamba tuwe na subira, itashika. Watoto walikaa mbele yake mwezi mzima, migongo imenyooka. Enoch hakupata kitu. Ayikoru, ambaye ana miaka saba na sikio jepesi, sasa anaweza kuitoa mvua ile kwa meno, bila kupumua, hata katikati ya mahubiri kanisani Mvara. Ikiwa hicho ndicho Kihispania, basi amehitimu.

2. Ndipo ukatuma mashine ya sinema na zile filamu mbili za mnadani, moja ya wapanda farasi na moja ya mjane. Nakiri kwamba zina Kihispania kingi. Lakini hakuna mtu ndani yake anayeomba maji, anayeuliza bei ya muhogo wala anayemwambia mwenzake kwamba nguo zimekauka. Watoto wako wanajua kumtuliza farasi. Wanajua kumlaani msaliti. Wanahesabu mpaka tatu, uno, dos, tres. Nne hawaijui, kwa sababu ikifika tatu bunduki hulia.

3. Kubandika majina. Mimi sijui Kihispania, Baba Mdogo, na vitu havijitaji. Hata hivyo niliitii kanuni. Nilikata karatasi, nikaandika BADO, nikabandika. Chungu ni BADO. Kiti ni BADO. Kinu, ndoo, kitanda cha Bibi: BADO. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alizitazama karatasi zile, akarudi nyumbani bila chumvi, na kufikia jioni mtaa wote ulijua kwamba serikali imeorodhesha mali yako, kama ile ya Wahindi wenye maduka waliofukuzwa. Watu wawili walikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama kabati limeshapata mtu.

4. Kuigiza. Uliandika, "Wasione haya, waigize kwa moyo." Jumanne moja baada ya chakula Bibi, mama yako, alijilaza. Ayikoru akaona kitanda, akaona mtu amelala chali, akakumbuka mkanda wa kwanza, pale mjane anapojitupa juu ya maiti ya mumewe. Akajitupa. Akalia kwa Kihispania, na kwa moyo.

Unajua mwenyewe kwamba hapa kwetu kilio hakiulizwi tafsiri. Mtaa ulikuja mbio. Wanawake walikuja na mikeka, wanaume wakaanza kutafuta majembe, mtu akapanda baiskeli kwenda Mvara kumwita katekista, mwingine akapeleka habari Koboko kwa lori la tumbaku. Bibi akaamka, akakuta nyumba imejaa watu wanaolia. Kwa adabu yake, naye akaanza kulia. Alilia muda mrefu kabla ya kumgusa aliye karibu na kunong'ona, "Ni nani?" Ndugu wa Koboko walifika ishirini na sita. Walifurahi kumwona mzima. Lakini walisema safari ya matanga hairudishwi njiani, wakakaa siku tatu.

5. Mwezi wa saba niliwachukua watoto kwenda Koboko kuwaomba radhi ndugu hao. Unakumbuka mwezi ule ulivyokuwa, baada ya yale ya uwanja wa ndege wa Entebbe. Kwenye kizuizi cha barabarani koplo mmoja alipanda ubao wa lori tulilosafiri nalo akamuuliza Enoch, "Nyinyi ngapi?" Enoch, ambaye ana miaka kumi na anataka sana kukufurahisha, akatuhesabu kwa Kihispania. Alipofika tatu alianguka, kama alivyofundishwa na picha. Ayikoru akaanguka. Mama mmoja aliyebeba kuku, alipoona watoto wameanguka, akaanguka. Lori zima likalala. Askari nao, ambao wana mafunzo yao, wakalala.

Koplo ndiye aliyeinuka wa kwanza, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nani alipiga?"

Hakuna aliyepiga.

"Hii lugha ya nani? Nyinyi mamluki?"

Nilisema ni masomo ya nyumbani.

"Iko shule ya kuanguka?"

Nikasema ni sinema. Mkono wangu, Baba Mdogo, ulikuwa juu ya mdomo wa mwanao. Koplo alinitazama kwa muda ambao bado sijautoka wote. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Sinema iko wapi?"

Anaitwa Kenyi. Tangu hapo hakosi Jumamosi hata moja. Hukaa mbele, bunduki magotini.

6. Hili ndilo zito, nami ni mkosaji ndani yake. Ulikataza kufasiri. Lakini wewe ulikulia hapa. Gari la sinema la serikali lilipokuja kiwanjani, ulipata kuona picha bila mtu kusimama pembeni na kueleza? Kwetu picha isiyosemewa ni kama misa isiyo na padri. Tulitundika lile shuka jeupe ambalo Bibi ameliweka kwa ajili ya maziko yake, tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukawasha mashine saa tisa mchana. Majirani wakaingia, wakaketi, wakageuza nyuso zao si kwenye shuka bali kwangu.

"Dada, hiyo mwanamuke iko sema nini?"

Nikanyamaza, kama ulivyoagiza.

"Shule yote ile, sasa mudomo imefunga?"

Basile, yule Mkongo anayeuza vitenge kwenye kona yetu, alijitolea. Alisema anaijua lugha hiyo, kwa kuwa ni Kifaransa cha watu wenye haraka. Lakini katika tafsiri yake kila mtu alikuwa anauza kitu. Mjane alipopiga magoti kanisani, Basile alisema, "Anasema bei iko juu." Watu wakamzomea. Ndipo Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake, "Emilia, wewe ulisoma. Sema."

Nikasema.

Sijui hata neno moja la wale watu. Nilitazama mikono yao, nikasema yaliyofanana na mikono. Jumamosi ya pili nilisema vizuri zaidi. Ya tatu walikuja watu wa mtaa wa pili. Sasa kila mtu huja na haja yake. Katekista anataka wapanda farasi watubu, kwa hiyo wanatubu. Wajane wa hapa Awindiri, na tunao wengi siku hizi, wanataka ndugu wa marehemu wasichukue nyumba, kwa hiyo hawachukui. Koplo Kenyi ananiambia mlangoni, "Mwalimu, leo huyo mwizi iko kamatwa ama hapana? Jumamosi ingine alikimbia. Mimi natoka mbali." Mwizi yule anakimbia, Baba Mdogo. Kila wiki anakimbia kwa farasi, mbele ya macho ya watu wote. Nami husimama na kusema kwamba anakwenda kujisalimisha. Koplo hupumua. Chumba kizima hupumua baada yake.

Na watoto wako wanasikiliza. Kila neno la Kihispania walilonalo lina maana niliyolitungia mimi, na maana hubadilika kulingana na aliyekaa mbele. Siku utakapowapeleka ubalozini watasema kwa ufasaha mambo ambayo hakuna mtu yeyote duniani anayeyasema. Nina miaka ishirini na moja na nimekuwa mwongo mwenye wasikilizaji. Usiku, nikilala, hainisumbui kwamba wamedanganyika. Inanisumbua kwamba ninaingoja Jumamosi.

7. Wewe mwenyewe, Baba Mdogo, hujajifunza hata kuhesabu mpaka tatu.

Kwa hiyo naomba. Nimepata barua ya ualimu katika shule moja ya msingi Koboko. Natakiwa kuripoti Jumatatu, tarehe 6 Septemba. Nisipofika, nafasi hiyo atapewa mwingine. Nilikuandikia juu yake mwezi wa sita. Ulijibu kwamba Koboko inaweza kungoja, kwamba mashine haiwezi kuachwa na Bibi, na kwamba uliyenisomesha hukunisomesha ili nikafute ubao. Nimelifikiri jibu hilo sana. Nimelifikiri nikifua, nikipepeta, nikirudisha filamu mwanzoni kwa mkono. Ninachokitaka ni kidogo: ubao mweusi, watoto arobaini, na maneno ambayo maana yake ninaijua.

Sinema haiwezi kumfundisha mtoto lugha. Nimeonyesha hivyo kwa namba. Naomba ruhusa yako ili mashine ifungwe, televisheni ifunikwe tena blanketi lake, watoto wapelekwe shule kama watoto wengine, nami niondoke kwa amani. Sipendi kuondoka bila neno lako.

Msalimie Mama Mdogo na mtoto mchanga. Wasalimie makarani wenzako wote wanaongoja kupelekwa nchi mbalimbali. Msalimie pia aliyeifungua barua hii kabla yako. Mwambie nyumbani hatuna neno na mtu. Bibi anakusalimu na kusema hajafa.

Anayekutii mpaka hapa karatasi inapoishia,
binti yako,
Emilia Driciru

N.B. Koboko, 20 Septemba. Barua hii sikuipeleka posta wakati ule. Kila nilipoifunga niliona kwamba jibu lake ninalijua.

Niliondoka Jumamosi ya tarehe nne, saa tatu asubuhi. Enoch na Ayikoru walikataa kubaki, nikawaleta. Bibi naye amekuja, kwa sababu shuka ni lake. Koplo Kenyi alitubeba kwa landrova, na alipoiona mashine imeachwa barazani alikasirika kweli. "Sasa huyo mwizi iko baki peke yake?" Ikapakiwa. Jenereta anaazima mwenyewe, usiniulize wapi. Televisheni tumemwachia Basile pamoja na ufunguo wa nyumba, naye husema inaonyesha mvua ya Kongo.

Sasa lazima nikwambie jambo linalobomoa yote niliyoandika tangu namba moja. Darasani kwangu kuna watoto wa Kikakwa, wa Kilugbara, wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na wa wakimbizi wa Sudani waliobaki. Wiki ya kwanza hawakuweza hata kugombana wakaelewana. Jumamosi niliwasha mashine, nikasimama pembeni ya shuka, nikasema. Jumatatu walikuwa wanabishana kuhusu mjane, kwa Kiswahili, wote kwa pamoja, wakinyang'anyana maneno yangu. Mwalimu mkuu anataka mashine iwashwe kila wiki.

Na alipita hapa sista mmoja, Mhispania, akielekea Kongo. Alimsikia Ayikoru uani akimlilia kwa Kihispania kuku aliyechinjwa, akasimama, akamjibu. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Aliniambia mtoto anasema kama mwanamke mzima wa kijijini kwao. Kisha akatazama filamu ya mjane pamoja nasi, akacheka mahali ambapo sisi hulia. Alipotaka kunieleza wanachosema hasa, nilimwomba asinieleze.

Mkanda ulipokwisha, tap, tap, tap, watoto waliuliza lile ambalo Awindiri waliniuliza miezi saba nami nikalikwepa: nani yuko mlangoni? Nikawaambia mlangoni hapakuwa na mtu. Alifungua ili atoke.

Kwa hiyo mkanda wa nne, Baba Mdogo, ukiuona mnadani tafadhali usiununue. Nimeshaufasiri.