Bisibisi Yenye Bei

Kitu cha kwanza alichokiona dada wa usafi wa zahanati ni bisibisi. Ilichungulia kwenye mfuko wa shati la mgeni, na mpini wake bado ulikuwa na karatasi ya bei. Fundi gani huyu ambaye chombo chake hakijawahi kuonja jasho?

Mgeni alikuwa amekaa foleni kama mgonjwa, akiguna kama mgonjwa, mpaka aliposikia mpokezi akiwaambia watu, "Vumilieni jamani, kompyuta imeganda tena." Hapo hapo ugonjwa ukamwisha.

Robo saa baadaye alikuwa ofisini kwa daktari, keshajipa cheo cha mhandisi.

"Daktari wangu, huu mfumo wenu wa kumbukumbu ni kikongwe. Nakuwekea mpya, bure! Wewe unisifie tu kwa wenzako."

Neno "bure" lilimwingia daktari kama sindano isiyouma. Huyu alikuwa mtu wa kukata pamba moja mara nne.

"Na kumbukumbu zikipotea?"

"Zipotelee wapi? Jumamosi mkifunga nabeba mashine kuu, Jumatatu narudisha, inakimbia kama swala."

"Hutoi nakala kwanza?"

"Nakala ni za waoga, daktari. Tena nakuachia kompyuta yangu ya mkononi, iwe rehani."

Dada wa usafi alikuwa akipiga deki mlangoni. Ndani ya mashine ile mlikuwa na faili la bibi yake, na humo tu ndimo lilimoandikwa jina la dawa iliyokaribia kumuua mwaka juzi. Alitaka kusema. Ulimi ukagoma. Tangu aache shule darasa la tano, mbele ya wakubwa maneno yake yalizama na mate.

Lakini mikono haikuwa na haya. Chini ya meza ya mpokezi zilikaa mashine mbili: moja nzima, yenye kibandiko MASHINE KUU, na nyingine iliyokufa zamani, ikingoja kutupwa. Yeye ndiye aliyezifuta vumbi kila siku; nzima aliijua kwa joto lake. Jumamosi akalowesha kitambaa, akabandua kibandiko taratibu, akamvisha marehemu.

Mhandisi akaja, akasoma kibandiko, akabeba maiti begani huku akipiga mluzi.

Jumatatu simu ikalia. "Kumbukumbu zenu ninazo! Leteni pesa, la sivyo nafuta zote!"

Mpokezi akatazama skrini yake, iliyojaa wagonjwa wa asubuhi ile. "Futa tu, kaka yangu. Anza na vumbi."

Rehani yake hakuthubutu kuifuata.

Wiki nzima daktari alitamba: "Mimi nilimshtukia mapema!" Kisha akaita fundi wa kweli, mama mmoja mwenye bisibisi iliyochubuka mpini.

"Natoa nakala kwanza," mama akasema, "naijaribu kwenye hii kompyuta ya rehani. Ikifunguka salama, ndipo niguse mashine kuu. Mbona hii haina kibandiko? Ndiyo yenyewe?"

Daktari akamtazama mpokezi. Mpokezi akamtazama daktari.

Dada wa usafi akaweka ndoo chini.

"Ndiyo hiyo, yenye joto," alisema. "Kibandiko nilikibandua mimi. Na wewe, daktari, siku ile hukumshtukia mtu."