Soli ya Ulimi

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa karakanani! Cherehani mpya ya kushonea soli imefika kutoka Italia, na waliotuuzia watamchukua fundi mmoja akajifunze kwao miezi mitatu. Mtihani Ijumaa. Kusoma kwa sauti, kwa Kiitaliano, ukurasa mmoja wa kitabu cha mashine, Mwitaliano akisikiliza kwenye simu. Tumejitokeza wawili tu: mimi, mshonaji, na shemeji yangu, mkata ngozi, anayelala sebuleni kwangu. Nimemwambia mke wangu aanze kumfariji kaka yake mapema.
Naitaka safari hii mpaka usingizi haunijii. Miaka kumi na tisa nashona viatu vya wasafiri, mwenyewe hata uwanja wa ndege sijaukanyaga.

Jumanne, 4 Machi
Darasa la jioni la Kiitaliano. Aibu tupu! Mwalimu wetu, bibi mstaafu mwenye subira kupita kiasi, kasema g, l na i zikikaa pamoja zina sauti yao: ulimi unalazwa bapa kwenye kaakaa, pumzi inapita pembeni. Shemeji kajaribu "famiglia" mara sita. Ya sita ikatoka. Mimi kila nikijaribu natoa "familia" ya kawaida kabisa. Mwalimu akasema familia hiyo niiache nyumbani.
Darasa zima likacheka. Shemeji naye alicheka, ingawa chakula cha mchana alikula kwangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua! Kosa si langu, ni la ulimi. Una kitumbo katikati, hauwezi kulala bapa. Mteja akija na mguu wa namna hiyo huwa hatumfundishi kutembea. Tunamtengenezea soli.
Nimelaza ulimi kwenye kipande cha boksi, nikauchora kwa penseli. Nikakata ngozi ya ng'ombe, nikaipiga nyundo, nikaipaka nta pembeni. Kazi safi, hata kama najisifu mwenyewe. Mke wangu akauliza ni kiatu cha nani. Nikamjibu ni cha mteja mdogo sana.
Shemeji yuko bafuni tangu alfajiri na "taglio" na "foglio" zake. Jirani kagonga kuuliza kama kuna mgonjwa anayesukutua. Nikamhurumia. Mtu mzima, anahangaika na mdomo mtupu!

Alhamisi, 6 Machi
Soli inateleza. Kila nikifungua mdomo inachungulia nje. Nimeishikiza kwa uji mzito wa ngano, nikasimama mbele ya kioo, nikasema "taglio". Imetoka! Mke wangu anadai alisikia "tayo". Mke wangu si Mwitaliano.
Shemeji kaniomba tufanye mazoezi pamoja. Nimekataa. Mpelelezi.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Asubuhi uji uligoma kushika, nikaongeza gundi ya karakana. Tone moja. Labda mawili.
Shemeji akaanza. Polepole, akikosea na kurudia, lakini Mwitaliano akamwelewa mpaka nukta ya mwisho. Zamu yangu ikafika. Miaka kumi na tisa nawaonya wateja wasiloweshe ngozi, na mimi nimeiloweka mdomoni tangu saa moja! Ilikuwa imevimba, imejaa shavu hadi shavu. Nikasoma ukurasa mzima kwa hisia. Mwitaliano akauliza kama laini ni mbovu.
Bosi wetu, mama asiyependa mchezo, akanikazia macho. "Toa hicho kitu."
Hakikutoka. Mfagiaji wa karakana naye akavuta, hakikutoka. Mwishowe shemeji alileta koleo la kuvutia misumari, akanishika kidevu kwa upole, akavuta. Ikatoka kwa mlio ambao sijawahi kuusikia. Pale pale Mwitaliano akaamka kwenye simu. Anataka kujua ni nani aliyetamka vizuri hivyo.
Bosi akakata simu. Anakwenda shemeji.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaondoka. Sebule imekuwa kubwa ghafla, na bafuni kimya. Sikujua kama ningejisikia hivi.
Mlangoni kanipa karatasi ya maneno ishirini, kayaandika mwenyewe kwa mwandiko wa kujitahidi.
"Shemeji, dakika kumi kila asubuhi," akasema. "Mdomo mtupu. Mwakani wanachukua mwingine, na jina lako nimeshampa bosi."
Nililia kidogo. Mke wangu nikamwambia ni harufu ya gundi.
Baadaye nikaiweka ile karatasi mezani, nikaiangalia kwa muda mrefu. Nikaipapasa. Nzito, ngumu, haina mkunjo. Sijawahi kuona karatasi nzuri namna hii ya kukatia kigezo. Nikalaza ulimi juu yake, nikachora, nikakata.
Safari hii natumia mpira. Mpira haunywi maji.