Msiba wa Laptop ya Mama Cherehani

Mgonjwa aliletwa asubuhi, kafungwa kitambaa cha satini na kukumbatiwa kifuani kama kichanga. Dokta alipomwona, hata kabla ya salamu, mate yalimjaa kinywani. Laptop mpya, nyembamba, rangi ya fedha, haina hata mkwaruzo!

Tuseme ukweli: Dokta hakuwa daktari, wala fundi wa kutisha hakuwa. Lakini alikuwa na koti jeupe, kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, na ulimi. Mjini hapa, mwenye ulimi halali njaa. Duka lake aliliita hospitali. Rafu ya mbele ilikuwa wodi. Nyuma ya pazia la kijani ilikuwa mochwari, na huko ndiko zilikoishia kompyuta nzuri nzuri za watu wasiouliza maswali.

"Haiwaki, Dokta," alisema Mama Cherehani, fundi nguo wa mtaa wa pili. "Jana niliizima vizuri. Leo nabonyeza, kimya. Mitindo yangu yote imo humo, na vipimo vya wateja. Ni zawadi ya mwanangu, nikiipoteza sijui nitamtazama vipi."

"Pole, mama. Ilianguka?"

"Haikuanguka."

"Ilimwagikiwa chai?"

"Mimi na chai hatuingii chumba kimoja na mashine hiyo."

"Umejaribu soketi nyingine?"

"Na ya jirani pia."

Dokta akaweka kifaa chake juu ya kibodi, akafumba macho, akasikiliza. Hakusikia kitu, maana hapakuwa na cha kusikia. Alikwisha kujua zamani. Chaja ilikuwa nzima, taa yake inawaka. Ni mashine tu imegoma. Unachomoa chaja, unashikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika hivi, unachomeka tena, unawasha. Nusu ya wagonjwa wa hospitali ile waliponea hapo, na waliokuwa wapya wapya walifia hapo hapo.

"Mapigo yapo mbali," alisema kwa huzuni. "Tumlaze."

Siku nyingine huenda angemhurumia mama wa watu. Lakini Dokta alikuwa amependa. Alimpenda binti wa Mwalimu Mkuu mstaafu, akampenda kweli, na katika hilo hapakuwa na utapeli hata chembe. Naye Mwalimu Mkuu alikuwa ametamka: anaandika historia ya maisha yake, juzuu nane, na kijana atakayekuja kuposa bila laptop ya maana asiisumbue miguu yake. Posa ilikuwa Jumamosi. Muuza majokofu wa barabara kuu naye alikuwa akiinyemelea Jumamosi hiyo hiyo.

Basi Mama Cherehani alipokata kona tu, Dokta akachomoa, akashikilia, akachomeka. Laptop ikawaka. Akafungua ukurasa mpya akaandika, kwa herufi zilizojaza kioo kizima: MAISHA YANGU, JUZUU YA KWANZA, NA MWALIMU MKUU MSTAAFU. Akaifunika bila kuizima, moyo mweupe. Kesho yake akatuma ujumbe: "Mama, jitihada zetu zimegonga mwamba. Mgonjwa wako ametutoka. Usije kumchukua, betri iliyokufa ina sumu. Tutamhifadhi kitaalamu."

Watu wengine wakipata ujumbe kama huo huguna, wakanunua nyingine. Mama Cherehani alikuja. Alianza kulia tangu kona, akaingia dukani, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu.

"Uuwii, mwanangu! Nani atanitunzia vipimo?"

"Mama, tafadhali, hii ni mashine tu..."

"Si ulisema mgonjwa? Si ulisema ametutoka?" Akapenga kamasi. "Basi marehemu haachwi ugenini. Tunazika."

Mpaka leo mtaa umegawanyika kama machozi yale yalikuwa ya kweli au ya kuigiza. Ninachojua ni kwamba kufika mchana mafundi nguo wenzake walikuwa wamejaa dukani, viti vimeazimwa, na uani kuna mtu anachimba. Wateja waliowahi kufiwa hospitalini hapo wakaja kutoa pole, wakaanza kuwakumbuka marehemu wao. Dokta akaitia laptop kwenye boksi akijisemea, liwalo na liwe. Wazike, waende zao, nitafukua.

Mara akaingia Mwalimu Mkuu mwenyewe, ndani ya suti. Hakujua nani kafa, ila hakuwahi kukosa msiba ambao ungeweza kuwa na hotuba.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Dokta.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umefiwa, nikasema mkwe mtarajiwa haachwi peke yake." Akasimama mbele ya boksi, akakohoa. "Ndugu waombolezaji! Marehemu sikumfahamu, lakini naambiwa alikuwa mchapakazi. Ameondoka akiwa bado na waranti. Wangapi wetu tutaondoka tukiwa na waranti?"

Watu wakalia upya. Mwalimu alipomaliza, Mama Cherehani akainuka.

"Nimwone uso, mara ya mwisho."

"Haifai!" Dokta aliruka. "Sumu!"

"Sumu ya mwanangu naivumilia."

Akafungua boksi, akainua kifuniko. Na kompyuta iliyolala, ukiifunua, huamka. Kioo kikawaka. Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye cheo chake.

"Muujiza!" Dokta alipaza sauti, mikono juu. "Amefufuka!"

Machozi ya Mama Cherehani yakakauka papo hapo. Akaikumbatia laptop yake, kisha akanyoosha kidole kwenye pazia la kijani.

"Usiwe mchoyo, Dokta. Fufua na wengine."

"Na wangu!" watu walipiga kelele. "Na wangu wa mwaka jana!"

"Mstari mmoja!" Mwalimu Mkuu alinguruma, ualimu umempanda. "Wafupi mbele!"

Dokta alichomoa, alishikilia, alichomeka, mpaka kidole gumba kikavimba. Waliofufuliwa wakaenda zao na jamaa zao. Mtu mmoja, ambaye yake ilikwisha kuuzwa, aliondoka na pazia. Mwingine alimvua koti.

Alibaki Mwalimu Mkuu. Dokta akapiga magoti.

"Nisamehe, Mwalimu. Mimi ni tapeli, lakini binti yako nampenda. Hilo si uongo."

"Naliona," mzee alisema. "Muuza majokofu kompyuta anayo, ila hana muda. Wewe kuanzia leo huna kazi. Mimi nitasema, wewe utachapa. Tukifunga juzuu ya nane, harusi."

Dokta alilia kwa furaha. Jumamosi ikamkuta kibarazani kwa wakwe, anachapa kwenye kompyuta kuukuu ya dukani kwake. Ikamkuta nyingine, na nyingine. Binti alipita na maji ya kunywa, akatabasamu, na kijana akapata nguvu za kurasa nyingine. Hatimaye vidole vikamfa ganzi.

"Samahani, baba," aliuliza kwa adabu. "Hapa tulipofika, wewe umeshazaliwa?"

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Haraka ya nini, mwanangu? Hata babu yangu bado hajaoa."