Vibanio Viwili na Ukuta wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni

Nimevunja ushirika na shemeji, kaka wa mke wangu. Miaka sita ya useremala pamoja, basi. Leo, mbele ya Mwalimu mstaafu, mwenye nyumba tunayoifanyia kazi, amesema mimi napima kwa macho, na kwamba bila yeye kuziba, kona zangu zingepitisha mjusi. Nikamwambia kuanzia sasa nafanya kazi peke yangu. Akauliza nani atanishikia upande wa pili wa ubao, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu akacheka.

Mwalimu akaamua. Mbao za urembo zinazozunguka ukuta chini ya dari, mimi nipige sebuleni, shemeji chumba cha kulia. Jumamosi atakagua. Yeye ni mwenyekiti wa bodi ya shule, na atakayempendeza ndiye atapewa maktaba mpya, rafu zote, milango yote. Nimeitamani kazi hiyo tangu wachimbe msingi.

Shemeji hajui kwamba nina vibanio vya hewa viwili. Kikombe cha mpira, pampu ndogo mgongoni mwake, mkono wa chuma wa kubebea ubao. Unabandika, unapampu, hewa inatoka, kinang'ang'ania. Msaidizi asiyekohoa wala kutoa methali!

Jumanne, 4 Juni

Majaribio nyumbani. Nimebandika kimoja kwenye mlango wa friji, nikatundika pasi. Kutwa nzima haijashuka. Nimekivuta kwa nguvu, friji ikanifuata hadi katikati ya jiko. Mke wangu akasema friji si ukuta. Nikamjibu asiyejua ufundi anyamaze. Ameirudisha friji mahali pake, kwa namna yake ile ya kukera.

Jumatano, 5 Juni

Ukuta wa Mwalimu umepakwa chokaa. Nimepampu mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nikaweka ubao wa mita nne, nikahamisha ngazi huku nahesabu. Kwenye tisa ubao ukanishukia begani, kisha ukaenda kuvunja chombo cha maua. Kibanio kimeondoka na kiraka cha chokaa ukubwa wa sahani. Kosa la aliyepaka.

Chumba cha pili shemeji akakohoa. Kikohozi kile nakijua, hakihusiani na mapafu. Nikachungulia. Amepigilia kipande cha ubao kwenye kichwa cha fimbo ya ufagio, ameisimamisha, na mbao zake zimetulia juu yake. Ufagio! Mtu mzima! Nimerudi na hasira zangu, nikakata ubao uliofuata ukapungua kiganja kizima.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa. Vanishi! Ukuta ukiwa laini, hewa haina pa kupenya. Nimepaka viraka viwili vya vanishi ya kahawia kwenye ukuta mweupe. Ubao utavificha, nikajisemea. Ubao una upana wa vidole vitatu. Kikombe kina upana wa sahani. Hilo nimeligundua vanishi ilipokwisha kukauka.

Lakini vimeshika! Nimehesabu hadi sitini. Nikapanda ngazi, nikapiga msumari wa kwanza, na kwa mshindo wa nyundo kibanio cha kulia kikang'oka na plasta yake. Sasa kuna shimo. Nimetamka maneno ambayo sitayaandika. Mwalimu alikuwa mlangoni. Akasema kwa miaka arobaini ya kufundisha amewahi kuyasikia mara mbili tu, na wanafunzi wote wawili aliwafukuza.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu ameniletea miwani niliyoisahau. Nikamwambia, kwa kuwa amefika, asimame pale aangalie kama kibanio cha kushoto kinavuja. Ameangalia akiwa ameweka kiganja chini ya ubao. Kazi ilifanywa na kibanio. Kisha akachukua futi ya utepe, akapima upya, akasema kona nakata kinyume. Nikamwachia apime, heshima ya ndoa.

Ubao wa juu ya dirisha ni mita tano. Shemeji alikuwa amemaliza chumba chake tangu jana, anazurura. Nikamwagiza akague upande wa kulia. Amekagua mikono juu mpaka jioni. Sikumshukuru. Mkaguzi hashukuriwi.

Sebule nzima nimeimaliza peke yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Mwalimu amekagua. Nikamweleza, mbele ya mke wangu na shemeji, jinsi fundi mmoja mwenye vibanio viwili anavyotosha. Akaomba avione vikifanya kazi. Cha kushoto kilikuwa kinaning'inia ukutani, hakijabeba kitu. Cha kulia hakikuwepo. Nimekitafuta mbele ya watu wote, nikakikuta ndani ya mfuko wa vifaa, bado kina plasta ya Alhamisi mdomoni.

Mwalimu akamgeukia mke wangu, akamuuliza nani alipima. Akajibu ni yeye. Halafu akampa maktaba. Yeye! Yeye na kaka yake! Mwalimu aliponitazama na kuuliza kama nami nitapata nafasi, mke wangu akasema taratibu kwamba naweza kuwashikia upande wa pili. Hakusema kwa kejeli. Imeniuma. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani.

Jumapili, 9 Juni

Tangu asubuhi wamekaa mezani kwangu na michoro ya maktaba, ndugu wawili, wananong'ona kama wako msikitini au kanisani. Sijasalimia mtu. Saa nne mke wangu akaniomba nishike ncha ya futi, kidogo tu, wapime urefu wa rafu kwa mfano.

Nikamwambia subiri. Nikabandika kibanio kwenye meza, nikapampu, nikakipa ncha ya futi kiishike, nikakunja mikono ili wajionee.

Nimehesabu, kimekaa hadi nne, futi ikajikunja na kumpiga shemeji kwenye pua. Wote wawili wakanitazama mimi. Ni mbao tupu, haina hata tone la vanishi! Meza hiyo aliitengeneza shemeji. Kesho nanunua vibanio vinne vingine.