Ombi la Kurudishiwa Kelele za Kompyuta Yangu

Kwako Shemeji, Fundi Kompyuta,

Naanza na shukrani, maana nimelelewa vizuri. Wiki iliyopita uliichukua kompyuta yangu kuukuu, ukaiondolea mfumo wa zamani, ukaiwekea mpya, na hukutaka chochote ila chai. Sasa, kwa heshima zote, naomba uje uiharibu iwe kama ilivyokuwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Kasi. Zamani nilikuwa nabonyeza kitufe, namwogesha mtoto, nafua nepi, naanika, na nikirudi kile kiduara bado kinazunguka. Nikikaa kukitazama, nilihesabika niko kazini. Hata mama mkwe alipita kwa kunyata: "Mwacheni, kompyuta inawaka." Siku hizi sijakalia kiti vizuri, inanidai neno la siri. Mwalimu ninayemchapia mitihani ameshagundua, ananiletea na ya shule jirani.

2. Imenidanganya. Siku ya kwanza iliandika: "Tulia, tunakuandalia kila kitu." Shemeji, tangu nijifungue hakuna aliyeniambia maneno hayo. Nikatulia. Kumbe hata chai hawakuandaa.

3. Hili ndilo kubwa. Ile feni iliyonguruma kama mashine ya kusaga ndiyo iliyokuwa ikimlaza mwanao mchana. Nilimtandikia kando yake, akisikia mvumo macho yanalegea, nami napata kuchapa, au kusinzia kidogo. Sasa imenyamaza kama mtu aliyenuna, na mtoto anaikodolea mpaka jioni. Majirani wameshambandika jina la Macho. Kaka yako alijaribu kukaimu nafasi ya feni. Alivuma "vuuu" nyuma ya meza mpaka akashikwa na kizunguzungu. Mtoto akacheka, akataka tena. "Mke wangu, mimi si feni," akasema, akaenda kulala yeye.

4. Kwa kuwa umemwachisha kazi yaya wangu bila notisi, ama urudishe mfumo wa zamani, ama ushike nafasi yake. Utafika kila siku baada ya chakula cha mchana, utasimama nyuma ya meza na kunguruma mpaka alale. Usivute pumzi kwa vituo, anashtuka. Na uwe na joto, maana juu ya mashine ile nilikuwa nakaushia soksi zake.

Ukikataa, nitamleta Macho hapo karakana alale katikati ya kompyuta za wateja wako, na mteja atakayetaka yake iwekewe mfumo mpya utapambana naye mwenyewe.

Wasalimie wote, hata yule mzee anayekuja kuulizia printa yake. Mtoto angekusalimu, ila analia.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na nisiyetaka visingizio,

Mama Macho

Tanbihi: Haya naandika kwa kalamu. Nilipomaliza tu kuitoa barua kwenye printa, kompyuta ikaandika kwamba inajisasisha, nisiizime. Kiduara kinazunguka. Feni inanguruma kuliko zamani, soksi ziko juu yake, mama mkwe amepita kwa kunyata. Macho amelala. Basi usije, Shemeji, na wala usiguse kitu. Nieleze tu, tena kwa sauti ya chini, namna ya kuifanya ijisasishe kila siku.