Paa la Darasa la Sita

Kwa heshima na taadhima, nautaarifu umma wa Kagera kwamba upepo umetambuliwa rasmi kuwa mdau wa elimu. Aliyeutambua ni mimi, Kagaruki, Mratibu wa Elimu ya Matukio Makali, mwenye ofisi Kitendaguro, kando ya lami, mkabala na mama muuza nyanya anayekataa kuhama.

Ilianza hivi. Masika yalipoingia, upepo wa ziwani uling'oa paa la darasa la sita katika shule moja huko Rubafu. Jina la shule nalihifadhi kwa sababu za kiitifaki. Watu wa kawaida waliona hasara. Mimi niliyehudhuria warsha nyingi niliona fursa. Tulikuwa na agizo la kuwafundisha wanafunzi sababu na athari za matukio makali, lakini zana hatukuwa nazo. Sasa tumepata darasa zima!

Nikaandika Mwongozo, mkuu wangu akausaini kabla chai haijapoa. Ulisema kwamba jengo lolote lililoezuliwa na upepo litakuwa Kituo cha Mfano, na wanafunzi watakitembelea kila Alhamisi. Ni marufuku kukiezeka upya, zana isije ikaharibika. Na kwa urahisi wa wageni, Kituo kiwe kimoja tu, kile kilicho karibu zaidi na lami.

Siku ya uzinduzi nilipokelewa na mwalimu mkuu, Mwalimu Kokushubila, mama mpole mwenye gambuti, asiyemaliza sentensi bila "waitu" ya heshima ya Kihaya.

"Karibu sana waitu, Bwana Mratibu. Mabati umekuja nayo?"

"Nimekuja na bango."

Bango lilikuwa zuri, lina picha yangu.

"Watoto wananyeshewa, waitu. Madaftari yamekuwa uji. Wengine wako nyumbani wanakohoa, na mtihani ndio huo unakuja."

"Mwalimu, hizo ndizo athari zenyewe! Wenzao wanazisoma vitabuni tu."

Alivua gambuti moja, akamwaga maji yaliyokuwamo. Niliandika kwenye ripoti kwamba ameshukuru.

Nikaingia darasani kufundisha. "Nani atanitajia sababu ya paa hili kung'oka?"

Akasimama binti mmoja aitwaye Judica, sweta lake likichuruzika maji. "Ni misumari, mwalimu. Fundi alipiga mmoja, akaruka mitatu. Tata, baba yangu, alimwona. Na ile miti iliyokuwa inatukinga upepo ilikatwa, ikapelekwa mjini kujengea ofisi."

"Ofisi gani?"

"Yako, mwalimu. Fundi ni yule yule."

Darasa likacheka. Nilikasirika, lakini kitaalamu. Nikawaeleza kwamba jibu sahihi ni mabadiliko ya mwelekeo wa hewa, nikampa Judica sifuri, kwa upole.

Mwalimu Kokushubila akauliza, "Samahani waitu, Mwongozo wako unahusu shule tu?"

"Jengo lolote, Mwalimu. Upepo haubagui, nasi hatubagui."

"Hata ofisi?"

"Hata ofisi."

"Watoto, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

Nilifurahi kuona wanafunzi wasikivu namna ile.

Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia Alhamisi, upepo ukapita Kitendaguro. Niliporipoti kazini asubuhi, paa la ofisi yangu lilikuwa limelala kwenye kibanja cha jirani, na nyanya zilikuwa zinafungwa kwa kurasa za Mwongozo. Niliomba mabati kwa dharura. Yalifika kabla ya saa sita mchana, jambo linalothibitisha kwamba serikali ikiamua inaweza.

Fundi alikuwa ameshapanda ngazi Fuso lilipoingia, limejaa watoto wanaoimba. Mwalimu Kokushubila akashuka mbele.

"Habari za kazi, waitu. Tumekuja Kituoni."

"Kituo gani?"

"Jengo lolote, waitu. Lililo karibu zaidi na lami. Fundi, shuka baba, hapo ni marufuku kuezeka."

Nikampigia simu mkuu wangu. Akauliza Mwongozo umesainiwa na nani. Nikamwambia ni yeye mwenyewe. Akasema basi hawezi kwenda kinyume na saini yake, akakata.

"Na kwa kuwa Kituo ni kimoja," Mwalimu aliendelea, "sisi si Kituo tena. Tunaruhusiwa paa. Haya mabati hapa hayana kazi, waitu."

Watoto walishusha bango langu kutoka kwenye Fuso, wakapakia mabati. Walikuwa na nidhamu kubwa. Fundi naye alitaka kupanda, Mwalimu akamwambia wameshapata mwingine.

Judica alikuwa anaokota misumari sakafuni mwa ofisi yangu. Yote ilienea kwenye kiganja kimoja.

"Mratibu," akasema, "utanitajia sababu ya paa hili kung'oka?"

Nikafungua mdomo niseme mwelekeo wa hewa. Tone la kwanza likanipata kwenye kipara, la pili likaingia kwenye kola.

"Misumari," nikasema.

Akanipa vema, kwa upole, akakimbilia Fuso.